Habari za Shule Zifike Mpaka Dunguni

Mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi katika Siku ya Elimu, wakati wa maadhimisho ya miaka mia ya usharika

 

Kamati ya Maadhimisho imenipa kazi ya kueleza uhusiano wa shule ya msingi na wazazi katika Kibiti na delta ya Mto Rufiji. Walionitangulia wameeleza historia ya usharika, majengo na watumishi wake. Mimi nimechagua kusema juu ya jambo ambalo halina jiwe la msingi wala picha ukutani, nalo ni habari: habari zinazotoka shuleni kwenda kwa mzazi, na zile zinazotoka kwa mzazi kwenda shuleni. Hoja yangu ni moja. Katika nchi yetu hii ya maji na mpunga, si kila mtoto anayeachwa nyuma na shule ana mzazi asiyejali elimu. Wengi wana mzazi anayejali, ila habari ilimfikia wakati wa kutenda umekwisha kupita.

Shule na habari tangu zamani

Ndugu zangu, si jambo geni shule kuwa chanzo cha habari. Gazeti la Msimulizi, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, lilianza mwaka 1888 katika shule ya misheni ya Waanglikana huko Kiungani, Unguja, likibeba habari za walimu na za vituo vyao vya bara. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na katika miaka ya 1890 wakafungua vituo vya Kisarawe na Maneromango. Kutoka katika misheni hiyo ya pwani lilitoka gazeti la Pwani na Bara mwaka 1910. Baada ya vita, mwaka 1923, Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo, ambalo walimu wa vijijini walilisoma kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma.

Katika shule za misheni za zamani, mwalimu alikuwa mara nyingi ndiye mwinjilisti. Jumatatu alifundisha hesabu na Jumapili alisimama kanisani. Mzazi aliyetaka kujua shule itafunguliwa lini, au kwa nini mtoto wake ameadhibiwa, alimkuta mwalimu mlangoni baada ya ibada. Mtu mmoja alibeba habari zote mbili.

Utaratibu huo ulibadilika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali, na shule zikawa za watoto wote bila kujali dini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kila mtoto apate elimu ya msingi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi awajibike kisheria kwa mahudhurio ya mtoto wake. Haya yalikuwa mambo mema, na katika wilaya kama yetu, ambako wengi wa majirani zetu ni Waislamu, yalikuwa ya haki pia. Lakini mlango ule wa baada ya ibada ulifungwa, na tuliyofungua badala yake, yaani ubao wa matangazo na mkutano wa wazazi, yanamfaa yule aliye karibu. Aliye mbali hayamfikii.

Nchi yetu ilivyo

Naomba wageni wetu waniwie radhi nikieleza jambo ambalo wenyeji wanalijua. Mtu akipita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi huiona Kibiti yenye maduka, stendi na lami. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya kusini haikungoja tena kivuko. Wilaya ya Kibiti yenyewe iligawanywa kutoka Rufiji mwaka 2016, na tangu hapo makao makuu ya wilaya yako karibu zaidi kuliko yalipokuwa Utete. Yote hayo ni ya upande wa barabara.

Upande wa mashariki barabara hukoma na maji huanza. Huko uko msitu wa mikoko wa hekta takriban 53,000, mkubwa kuliko wowote katika Afrika Mashariki. Mto hugawanyika kuwa mikondo mingi, kama Simba Uranga na Kikunya, na kati ya mikondo hiyo viko vijiji ambavyo njia yake ni mtumbwi, mashua au boti. Anayetoka Nyamisati kwenda Mbwera au Kiongoroni hatazami saa peke yake. Hutazama pia maji yanajaa au yanakupwa. Maji yakipwa, vijito hubaki tope tupu, na barua ya mwalimu mkuu hulala pamoja na nahodha mpaka maji yarudi.

Tena kuna kilimo chetu. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yaliharibu makazi ya bondeni, na Serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vya juu. Nyumba, zahanati na shule zikawa juu, lakini rutuba ilibaki chini. Kwa hiyo hadi leo mkulima wa mpunga ana makao mawili. Ana nyumba kijijini, na ana dungu shambani, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na mlinzi aone mbali. Mpunga unapoanza kuzaa huwezi kuuacha. Kweleakwelea huja kwa makundi alfajiri, nguruwe na viboko huja usiku. Ukiondoka siku tatu, unaweza kurudi ukakuta mabua. Ndiyo maana familia huhamia dunguni, na mikono ya watoto huhitajika katika kuamia ndege.

Mtu wa mjini akisikia hayo husema haraka, "Wazazi wa Rufiji hawapendi shule." Mimi sikubaliani naye. Mzazi anayelinda mpunga analinda sare na madaftari ya mtoto yuleyule. Amewekwa mahali ambapo chakula cha mwaka kiko upande mmoja na darasa liko upande mwingine. Anayemlaumu bila kumpelekea habari hamsaidii.

Tuhesabu siku

Mwaka wa masomo wa shule ya msingi una siku 194. Tuseme mtoto anafuatana na wazazi wake dunguni kwa wiki nane tu. Hizo ni siku 40 za masomo, zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwaka. Akifanya hivyo kila mwaka kwa miaka saba, amekosa siku 280. Maana yake ni kwamba mtoto anayeingia chumba cha mtihani wa darasa la saba akiwa na miaka saba kwenye rejista, kichwani ana mitano na nusu. Tukiyaona matokeo tunasema mtoto mzito. Wala si mzito. Kusoma ni kama kupanda ngazi, na huyu aling'olewa vipago kila msimu.

Wapo pia wanaoachwa kijijini ili wasikose masomo. Baadhi hubaki na bibi au shangazi, na wengine hubaki peke yao, dada wa miaka 12 akiwa ndiye mama wa nyumba. Nasema kwa heshima, lakini nasema wazi kwa sababu sisi ni wazazi: binti aliyebaki peke yake kwa miezi miwili yuko hatarini. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba binti aliyepata ujauzito anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Habari hiyo ni ya rehema, na mzazi ambaye haijamfikia bado anaamini kwamba safari ya mwanawe imekwisha, akamwoza. Lakini iliyo bora kuliko hiyo ni habari inayotangulia: mwalimu ajue mapema nani anabaki peke yake, na mzazi ajue mapema nani atamwangalia.

Habari gani mzazi anazihitaji

Mara nyingi shule inapomwita mzazi, mzazi huuliza moyoni, "Mchango gani tena?" Swali hilo lina asili yake. Kwa miaka mingi barua ya shule ilikuwa barua ya fedha. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 hadi 2006, na tangu Januari 2016 tuna elimumsingi bila malipo. Shule hupata ruzuku iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mzazi bado ana wajibu wa sare, madaftari na chakula cha mtoto, na michango ni ya hiari kwa makubaliano. Haya yakielezwa kwa utulivu, na mapato na matumizi yakabandikwa mahali pa kusomeka, shaka hupungua. Yasipoelezwa, upande mmoja husema Serikali imelipa kila kitu, upande mwingine husema walimu wanakula fedha, na chungu cha uji hakichemki.

Kwa maoni yangu, habari za shule kwa mzazi ni za namna nne.

Kwanza, tarehe. Mzazi ajue siku ya kufungua na kufunga, siku ya upimaji wa darasa la nne, siku ya mtihani wa mwisho, na siku ya mkutano. Ajue pia mabadiliko makubwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeelekeza elimu ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Mzazi asiyejua mtoto wake yuko katika mpango upi anaweza kudhani bado ana mwaka mmoja wa kujipanga, kumbe mtihani ni mwaka huu.

Pili, mahudhurio. Asiletewe jumla ya shule, aletewe ya mtoto wake. "Asha amekosa siku 11 mwezi huu" ni sentensi fupi, lakini mzazi akiipata hatalala bila kuuliza.

Tatu, chakula na fedha. Mwongozo wa kitaifa kuhusu chakula na lishe shuleni unawataka wazazi na jamii washiriki. Mkulima wa mpunga akiambiwa kabla ya mavuno kwamba debe moja litalisha watoto kwa siku kadhaa, hutenga debe hilo shambani. Akiambiwa baada ya kuuza, hana cha kutoa.

Nne, usalama. Tunakumbuka mwaka 2024. Mwezi Aprili mafuriko yaliingia mashambani na katika makazi ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu karibu na Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari. Siku kama hizo mzazi aliye ng'ambo ya kijito ana swali moja tu: mwanangu avuke au asivuke? Jibu la swali hilo haliwezi kungoja mkutano wa mwezi ujao.

Njia za kupeleka habari

Watasema wengine, siku hizi kuna simu. Ni kweli, na tuzitumie. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa ni msaada mkubwa kwa wazazi walioko Kibiti mjini. Lakini wazazi wengi wa delta wana kitochi, na mtandao hausikiki katika kila kijito, wala betri haichajiwi juu ya dungu bila umeme wa jua. Shule inayotuma tangazo kwenye kundi na kusema "wazazi wameshaarifiwa" imewaarifu walio karibu kwa mara ya pili.

Napendekeza karatasi moja. Kila muhula mwalimu mkuu na kamati ya shule waandike ukurasa mmoja wenye zile habari nne, kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa. Nakala zake ziende kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa imamu, kwa mwinjilisti, kwa mganga wa zahanati, na kwa manahodha wa boti zinazotoka Nyamisati. Kila mmoja aisome kwa sauti mahali pake: Ijumaa msikitini baada ya sala, Jumapili kanisani pamoja na matangazo ya usharika, siku ya gulio sokoni. Ujumbe mfupi wa simu utumwe siku hiyohiyo ukiwa na maneno yaleyale. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Nasi tuhakikishe kwamba mbiu moja inasikika pande zote na maneno yake hayabadiliki njiani.

Nasisitiza kutobadilika kwa maneno kwa sababu tumejifunza kwa uchungu. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa katika maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Watu waliogopa kukutana, wakaogopa hata kuuliza. Hofu ikitawala, habari ya kweli hujificha na uvumi hutembea. Wenyeviti wengi walikuwa ndio waliobeba habari za shule mpaka mlangoni kwa mzazi. Jamii yenye desturi ya kupeana habari za kweli katika mambo madogo, kama siku ya kufungua shule, inakuwa na pa kushika siku ya mambo makubwa.

Habari irudi pia

Ndugu wazazi, hadi hapa nimesema upande wa shule. Nanyi mna deni. Mwalimu aliyetoka Mbeya au Kagera hajui mpunga wa kwenu unapandwa lini na utazaa lini. Anaona tu madawati matupu wiki moja baada ya nyingine, anaandika "mtoro" kwenye rejista, na moyo wake unapoa. Mwambieni kabla ya kuondoka: tunashuka bondeni tarehe hii, tunatarajia kupanda tarehe hii, mtoto atabaki kwa fulani, simu ya jirani wa dunguni ni hii. Mwalimu akijua hayo anaweza kupanga masomo ya ziada mtoto akirudi, kumpa kitabu cha kusoma, au kuandika barua ili apokelewe kwa muda katika shule iliyo karibu na shamba.

Na sisi wazee wa vijiji tuzungumze na Halmashauri juu ya shule shikizi. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilipanga kujenga madarasa 3,000 ya shule shikizi nchini kote, kwa ajili ya watoto wadogo walio mbali na shule mama. Palipo na madungu mengi pamoja kila msimu, darasa dogo la darasa la kwanza na la pili si ndoto. Lakini hakuna ofisa atakayelipanga kama hana hesabu ya watoto wangapi wanashuka, wapi, na kwa wiki ngapi. Hesabu hiyo ni habari, na ninyi ndio mnaoijua.

Ombi kwa usharika

Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, Mchungaji Kiongozi, namalizia. Katika miaka mia hii usharika ulianza ukiwa na shule, ukaikabidhi, na ukaendelea kuwapenda watoto wa shule isiyokuwa yake tena. Siombi shule zirudishwe. Naomba mambo matatu ambayo hayahitaji wafadhili.

La kwanza, matangazo ya Jumapili yawe na nafasi ya kudumu ya habari za shule zote za msingi zinazotuzunguka, hata kama mkristo shuleni humo ni mmoja. La pili, Umoja wa Wanawake ushirikiane na akina mama wa Kiislamu kuorodhesha, kabla ya kila msimu, watoto wanaobaki kijijini bila mtu mzima, na kila mtoto apate nyumba ya kuangaliwa. La tatu, mwinjilisti anayekwenda mitaa ya delta asiondoke Nyamisati bila ile karatasi ya shule mkononi, na asirudi bila majibu ya wazazi.

Gharama yake ni karatasi, kalamu na nauli ya boti ambayo tayari inalipwa. Faida yake ni mtoto mmoja ambaye hatakosa siku 40, na mwingine ambaye hatabaki peke yake usiku. Mwaka ujao mpunga ukianza kuzaa tutajua kama tulisikilizana leo, kwa maana rejista ya mahudhurio itatuambia.

 Mungu aubariki usharika huu, awabariki watoto wa Kibiti na wa delta, na awalinde wazazi wao juu ya maji na juu ya madungu.